Hofu ya Mionzi na Samaki wa Ziwa Letu



Nimeombwa nizungumzie mionzi, na bila shaka wapo waliokuja wakitegemea somo la fizikia. Fizikia itakuwepo, ila kidogo. Zaidi nimekuja kuzungumzia bei ya sangara.

Kwa miaka kadhaa majirani zetu wa Kenya walikusudia kujenga kinu chao cha kwanza cha nyuklia Uyombo, kaunti ya Kilifi. Wenyeji walikataa, wakiutaja uvuvi wao, Mida Creek na msitu wa Arabuko-Sokoke, na Mei 2024 polisi waliwatawanya walipoandamana. Mwaka 2025 macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria letu. Miongoni mwa maeneo yaliyotajwa ni Lwanda Kotieno, pale Ghuba ya Winam inapofunguka kuingia ziwa kuu. Megawati 1,000 za kuanzia, ujenzi mwaka 2027, umeme mwaka 2034: hiyo ndiyo ratiba iliyotangazwa. Kutoka hapo hadi hapa Mwanza, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 300. Uganda nayo inataka kinu Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, lakini huko maji hutoka kwetu kwenda kwao. Siaya maji ni yaleyale tunayokunywa.

Kwa hiyo swali linaloulizwa sokoni Mwaloni siku hizi si la kipuuzi. Kikilipuka huko, na sisi je?

Nianze na ziwa lenyewe. Ni pana, kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Limekaa kama sinia. Nusu yake hivi ni ya Tanzania, Kenya ina asilimia 6 hivi. Zaidi ya robo tatu ya maji yake huletwa na mvua, na kiasi kinachokaribia hicho huondoka na jua. Kinachobaki kina mlango mmoja wa kutokea, Jinja. Kitu kisichogeuka mvuke kikiingia humu hakina haraka ya kutoka. Sesiamu-137, ile iliyosambaa kutoka Chernobyl na Fukushima, ni kitu cha namna hiyo. Huchukua miaka 30 hivi kupungua hadi nusu. Sehemu kubwa hushuka kwenye tope, na nyingine huingia katika viumbe.

Samaki wa maji baridi wana tatizo ambalo wa baharini hawana. Sesiamu hufanana na potasiamu, na maji ya maziwa yana potasiamu kidogo, hivyo samaki huinyakua sesiamu na kuishikilia. Baada ya Chernobyl, katika maziwa ya Sweden na Finland walioathirika zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, walikuwa samaki wanaokula samaki wenzao. Sihitaji kuwaambia ninyi wavuvi sangara anakula nini.

Sasa nisieleweke vibaya. Uwezekano wa ajali kubwa katika kinu cha leo ni mdogo, na vinu vinavyouzwa sasa si vile vya Chernobyl. Tena mionzi si mgeni Mwanza. Haya mawe tunayojivunia, Jiwe la Bismarck na mengine yote tuliyojengea nyumba, ni graniti, na graniti ina urani, thori na potasiamu ndani yake. Ndizi za Bukoba zina mionzi ya potasiamu: kilo moja hutoa bekereli mia moja na kitu, yaani viini mia na zaidi vya atomu huvunjika kila sekunde. Mwili wa mtu mzima hutoa zaidi ya bekereli elfu nne. Kwa wastani mwanadamu hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka katika vitu vya asili peke yake.

Hapa ndipo wataalamu wenzangu huishia. Wakishataja ndizi wanaona kazi imekwisha: wananchi waelimishwe, waache woga. Mimi naona ndipo kazi inapoanza. Hospitali ya Bugando, juu ya kilima pale, watu wanatibiwa saratani kwa mionzi, dozi ambayo mtu angeipata mwili mzima ingemuua, na sijaona maandamano. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa ameelezwa, ameridhia, na faida ni yake mwenyewe. Mvuvi wa Ukerewe hajaulizwa lolote kuhusu Siaya, na umeme wake hautamfikia. Hofu yake haifuati bekereli. Inafuata nani ameamua, nani anafaidi, nani anabaki na hasara.

Na hasara hiyo haingoji kinu kilipuke. Mwambao huu unalijua hilo kuliko chuo chochote.

Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta ziwani maelfu ya miili ya waliouawa Rwanda. Watu wa nchi zote tatu wakaacha kula samaki, na soko likaanguka. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likasema hatua hiyo haikuwa jibu linalofaa, maana samaki akipikwa kipindupindu hakina nafasi. Zuio likabaki hadi Juni 1998. Kabla watu hawajapumua, mwaka 1999 zikaja habari za wavuvi kutumia sumu ya wadudu kuulia samaki, hasa upande wa Uganda, na mlango wa Ulaya ukafungwa tena kwa samaki wa ziwa lote. Aliyevua kwa ndoano Sengerema, ambaye hata hiyo sumu hakuwahi kuiona, akalipa sawasawa na aliyeitumia.

Mliokuwepo mnakumbuka. Boti za kukusanyia samaki zikaacha kupita visiwani. Tajiri wa mitumbwi anamdai mvuvi, kiwanda kinadaiwa na benki, mama wa mapanki hana mapanki ya kukaanga kwa sababu hakuna samaki anayechunwa minofu. Baadaye, mwaka 2004, ikaja filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa, na watu Ulaya wakaanza tena kuuliza kama samaki wetu waliwe au wasusiwe. Rais Kikwete aliishambulia hadharani mwaka 2006. Iwe alikuwa na haki au hakuwa nayo, mkuu wa nchi alilazimika kuitetea bei ya samaki dhidi ya sinema.

Katika visa hivyo samaki alikuwa yuleyule. Kilichopotea ni uwezo wa kumthibitishia mtu wa mbali kwamba samaki huyu ni salama. Ulaya haikutuuliza maoni yetu. Ilitaka vipimo, ikauliza maabara iko wapi. Leo Nyegezi tuna Maabara ya Taifa ya Uthibiti wa Ubora wa Samaki, na msingi wa mfumo mzima wa ukaguzi tulionao uliwekwa na machungu ya miaka ile.

Twende Japan. Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, vinu vya Fukushima Daiichi vilipoharibika, serikali ilikuwa na mtambo wa kompyuta uitwao SPEEDI, uliotengenezwa mahsusi kukadiria mionzi itapepea kuelekea wapi. Makadirio yake hayakutolewa kwa wakati. Watu wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, kaskazini-magharibi, na ndiko wingu la mionzi lilikopita. Walikuwa wamefuata maagizo, na yaliyowatosa ni hayohayo maagizo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia baadaye kwamba kiwango ni salama, unategemea akujibu nini?

Miaka 25 kabla yake Umoja wa Kisovieti ulifanya vibaya zaidi. Kinu cha Chernobyl kililipuka Jumamosi tarehe 26 Aprili 1986. Dunia ilishtuka Jumatatu, na haikuambiwa na Moscow: viatu vya mfanyakazi wa kinu cha Forsmark, Sweden, vililiza kengele ya mionzi. Mei Mosi gwaride lilifanyika Kiev kama kawaida, watoto wakiwemo. Iodini-131, ambayo hupungua kwa nusu kila siku nane na ingeepukwa kwa kuacha maziwa kwa wiki chache, ilinywewa. Kufikia mwaka 2005 saratani za tezi ya shingo kwa waliokuwa watoto au vijana wakati ule zilikuwa zimezidi 6,000. Ugonjwa huo unatibika na wengi walipona, lakini maziwa yale hayakuwa na sababu ya kunywewa.

Hofu nayo ikiachwa iongoze inaua. Katika mkoa wa Fukushima zaidi ya watu 2,300 wamehesabiwa kufa kwa sababu ya kuhamishwa na maisha ya baada yake, wengi wao wazee waliotolewa hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa haraka. Mionzi yenyewe haijaua watu kwa idadi inayokaribia hiyo. China, Machi 2011 hiyohiyo, watu waligombania chumvi madukani, wakiamini iodini yake itawakinga. Kenya ikaongeza kipimo cha mionzi kwenye ukaguzi wa magari ya mtumba kutoka Japan, na hilo nalisifu: ni jibu la mashine kwa swali la mashine.

Kuna viongozi wanaopenda njia ya mkato. Oktoba 2011 mbunge Yasuhiro Sonoda, msemaji wa serikali ya Japan, alikunywa mbele ya waandishi glasi ya maji yaliyosafishwa kutoka Fukushima Daiichi. Nawaona wa kwetu tayari, wamekaa mwaloni wakila sato mbele ya kamera, kitambaa kifuani. Haisaidii. Anayekula samaki mmoja siku moja hajajibu swali la anayekula kila siku.

Hilo si dogo, na ndipo viwango vinapotuchanganya. Japan, tangu Aprili 2012, hairuhusu chakula cha kawaida kizidi bekereli 100 za sesiamu kwa kilo. Ulaya baada ya Chernobyl iliweka 600. Sweden iliruhusu 1,500 kwa samaki wa maziwani, uyoga na nyama ya paa wao wa baridi, kwa sababu Mswidi wa kawaida hula vitu hivyo mara chache, na kwa kuogopa kuwafilisi Wasami wanaofuga wanyama hao. Viwango vitatu, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliangalia sahani ya watu wake. Je, nani ameiangalia sahani ya Ukerewe, dagaa asubuhi, furu jioni, siku 7 kwa wiki? Kiwango cha kuazima kitamlinda mnunuzi wa Madrid kabla hakijamlinda mtoto wa Nansio.

Fukushima walirudishaje imani, kwa kiasi walichoirudisha? Kwa kupima, tena mbele za watu. Tangu mwaka 2012 walipitisha kwenye mashine kila gunia la mpunga la mkoa mzima, magunia karibu milioni 10 kwa mwaka. Wavuvi walirudi baharini Juni 2012 kwa majaribio, wakianza na pweza na konokono wa bahari tu, aina ambazo vipimo vilikuwa vimeonyesha ni safi. Mjini Iwaki kina mama walianzisha maabara yao, Tarachine, wakawa wanapima chakula wenyewe. Lakini mwaka 2015 serikali na TEPCO, kampuni yenye kinu hicho, waliwaahidi wavuvi kwa maandishi kwamba maji ya kinu hayatamwagwa bila wao kuridhia. Agosti 2023 maji yakamwagwa wavuvi wakiwa bado wanapinga. Maji yalikuwa ndani ya viwango vya kimataifa, hilo ni kweli, na China ikafunga soko lake siku hiyohiyo.

Tanzania hatuanzi sifuri. Sheria ya kinga ya mionzi tulikuwa nayo mwaka 1983, kabla ya Chernobyl, na Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inapima vyakula vinavyoingia na kutoka. Wafanyabiashara huilalamikia kwa tozo na ucheleweshaji. Malalamiko hayo yasikilizwe, lakini cheti chenyewe kisidharauliwe.

Ombi langu ni hili. Ziwa lipimwe sasa, kabla zege la kwanza halijamwagwa Siaya. Asiyejua ziwa lilikuwaje jana hana kesi kesho, wala hana utetezi kesho: akidhurika hawezi kudai, na akisingiziwa hawezi kujitetea. Zichukuliwe sampuli za tope la Ghuba ya Speke na la Mwanza, maji ya Kapripoint, dagaa wa Mwaloni kabla hawajapakiwa malori ya Congo, sangara wakubwa wa visiwani, sato wa vizimba. Zirudiwe masika na kiangazi, miaka mitatu mfululizo. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo nchi zetu zilisaini mwaka 2003, inamtaka mwenye mradi unaoweza kuwagusa majirani awajulishe mapema. Serikali yetu ipeleke swali hilo kwa maandishi Kisumu, kwenye Kamisheni ya Bonde, bila kungoja magazeti.

Gharama ibebwe na anayetaka kujenga, ila mkono unaochukua sampuli usiwe wake. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kila mwalo, kwa Kiswahili, yakiwa na namba na kiwango kando yake, hata siku ambayo namba si nzuri. Siaya wakighairi kama ilivyokuwa Kilifi, karatasi hizo bado zina kazi: mnunuzi wa Ulaya atakapouliza tena samaki wetu wana nini, atajibiwa siku hiyohiyo, na boti za kukusanyia samaki zitaendelea kupita visiwani.

 Sasa naomba maswali, na tuanze na wavuvi.