Mafuta ya Goti

Msikilizaji, msimu wa korosho ukifika, pita kwenye mashamba ya Masasi au panda hadi Newala. Utamwona mama wa makamo akiokota korosho, mkono mmoja umeshika goti. Muulize kulikoni. Mafuta ya goti yameisha, atakujibu, kana kwamba goti ni injini ya pikipiki.

Sasa muulize swali la pili: uliwahi kuumia goti hilo? Subiri kidogo. Ehee! Miaka 20 nyuma bodaboda ilipiga mweleka kwenye mchanga. Au aliteleza na ndoo ya maji kichwani. Goti likavimba, likakandwa kwa maji ya moto, akaitwa fundi wa kuchua, na baada ya wiki tatu akarudi shamba. Nyumba nzima ikasema amepona.

Mimi nabisha. Goti likiacha kuuma, usiseme limepona. Ncha za mifupa mle ndani zimevikwa gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu. Ikikwanguka hairudi kama ngozi. Kano ikikatika, goti linalegea, linasagika kidogo kidogo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamewafuatilia watu waliokatika kano ya mbele au waliochanika ule mto wa gegedu wa katikati: baada ya miaka 10 hadi 20, karibu nusu yao goti limeanza kulika. Hata waliofanyiwa upasuaji hawakusalimika wote.

Kwa hiyo kijana aliyeumia uwanjani akiwa na miaka 20, akiota kucheza kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, anaweza kufika 40 na goti la babu yake.

Upasuaji kwetu si mgeni. Dokta Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935, akapasua wagonjwa Lulindi, na baadaye Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya. Tunachokosa ni subira ya ile miezi baada ya daktari, pale paja linapokonda na hakuna anayelijali. Misuli ya paja ndiyo inayolibebea goti mzigo. Ikinyong'onyea, mzigo mwingi unaangukia mfupa, hasa kwenye mteremko: anayeshuka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma analitesa goti kuliko anayepanda. Na uzito nao! Kila kilo unayopunguza, goti linapumzika kama kilo nne kwa kila hatua.

Diklofenaki ya duka la dawa? Inazima maumivu, sawa. Lakini ukiimeza miezi na miezi bila kuandikiwa, inaweza kukuharibia tumbo na figo, na paja litabaki vilevile.

Basi ukiumia leo, siku mbili za kwanza weka kitambaa cha maji baridi, usikande kwa moto, usichue. Goti likijaa ghafla au likikataa kukunjuka, nenda hospitali. Na wewe uliyeumia zamani, jioni hii kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka paja likaze, hesabu hadi kumi, ushushe taratibu. Rudia mara kumi, kisha mguu wa pili. Kesho tena.