Mgonjwa wa Mapafu Amekula Nini Leo?



Wahitimu wa uhudumu wa afya ya jamii hapa Kileo, huko vitongojini mtawakuta waliochimba tanzanaiti Mererani wakavuta vumbi la silika, na waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu. Mkoani kwetu tunayo hospitali ya Kibong'oto, inayohudumia wagonjwa wa kifua tangu 1926. Lakini mgonjwa akishatoka kwa daktari, siku zilizobaki zote yuko nyumbani, na nyumbani ndiko mtakakofanya kazi.

Mapafu yenye makovu hukakamaa. Kila pumzi huwa kazi, na kazi hiyo hula nguvu za mwili. Hamu ya chakula hupungua, kutafuna kunachosha, na tumbo likijaa, pumzi hubana zaidi. Basi mgonjwa huacha kula, misuli ikaisha, hata ile ya kupumulia.

Chukueni mfano wa makande yetu. Bakuli la mahindi magumu humshinda mtu huyu. Mahindi yakobolewe, maharage yalowekwe usiku kucha, vipikwe mpaka vilainike, kisha vipondwe na kutiwa maziwa au karanga zilizosagwa, na kijiko cha mafuta. Ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, amekaa wima, baada ya kupumzika. Chai asinywe kwanza, isije ikamjaza tumbo. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, dagaa na mayai vitamsaidia kulinda misuli.

Msimwambie mgonjwa kwamba chakula hufuta makovu. Hakifuti. Dawa alizoandikiwa aendelee nazo, na mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apate ushauri wake hospitalini. Mchimbaji mwenye silikosisi, yaani makovu ya mapafu yaletwayo na vumbi la silika, akianza kukonda, kupata homa na kutokwa jasho usiku, apimwe kifua kikuu haraka.

Ombi langu kwenu ni mtumie mizani. Mpimeni mgonjwa kila mnapomtembelea, na muandike. Mtu wa kilo 60 akishuka hadi 57 bila kukusudia, amepoteza asilimia 5 ya uzito wake. Msingoje mpaka mbavu zihesabike, mpelekeni zahanati. Wala msiiagize familia isiyo na uwezo inunue nyama. Anzeni na kilichomo jikoni mwao.

Mkiwauliza wagonjwa wamekula nini, na mkawasikiliza, mtakuwa mmewatibu pia. Nendeni mkawatumikie watu wetu.