Pedi Kwanza, Dawa Baadaye: Kupolishi Rangi ya Gari Kibiti na Delta ya Rufiji

Mada kwa mafundi rangi na waosha magari



Gari likitoka Nyamisati, baada ya kulala siku mbili tatu likimsubiri mwenyewe aliyevuka kwenda Mafia, pitisha kiganja juu ya boneti. Utahisi chembechembe. Ni chumvi ya umande wa bahari iliyoshikana na mchanga. Fundi mwenye haraka hulifuta kwa tambara, akapaka dawa, akawasha mashine. Huyo ameshakwaruza rangi kabla kazi haijaanza, na dawa yoyote atakayochagua itabeba lawama isiyo yake.

Nitaje kipimo kimoja, maana kila ninachosema kinakitegemea. Rangi yote ya gari iliyotoka kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Kilia, lile tabaka angavu la juu kabisa, peke yake huwa kama mikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Kila tukipolishi tunakula humo humo, na kilicholiwa hakirudi. Kilia ikiisha, jua letu hulipausha paa na boneti kwa msimu mmoja miwili.

Wengi wetu tukiona mikwaruzo tunauliza dawa gani ni kali. Naomba tuanze na pedi. Kompaundi ile ile, ukiiweka kwenye pedi ya sufu inang'oa alama za msasa wa maji namba 2000. Iweke kwenye sponji laini, inafanya kazi karibu sawa na polishi ya kumalizia. Kwa hiyo anza na sponji ya wastani na polishi ya wastani. Ikishindwa, badili pedi kabla hujabadili dawa. Sufu iwe ya mwisho, na baada yake lazima urudi na sponji, kwani yenyewe huacha ukungu unaoonekana gari likitoka kivulini. Rangi ya sponji isikudanganye: njano ya kiwanda hiki ni ngumu, ya kile ni laini. Ibonyeze kwa kidole gumba.

Halafu soma kibati cha gari. Kwenye Toyota nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Tafuta palipoandikwa C/TR. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi isiyo na kilia. Pedi itatoka nyeusi, usishtuke. Ila ujue ni rangi laini, hata tambara kavu linaichora, na sufu haina kazi hapo. Nyeupe 040 nayo mara nyingi haina kilia, na pedi hutoka kama imechovywa kwenye maziwa.

Hili nimejifunza kwa gharama. Niliwahi kupolishi gari la 202 saa saba mchana, juani, kwa mashine ya mzunguko na pedi ya sufu. Kwenye ukingo wa boneti nilisita sekunde chache tu. Nilipoinua mashine pakabaki mstari wa kijivu, mwembamba kama ukucha: praima. Boneti zima nililipaka upya kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo kila ukingo na kila ubavu naubandika utepe kwanza, na bampa la plastiki sikai nalo, kwa sababu plastiki haipozi joto upesi kama bati.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 tulipokea magari yenye tope la Rufiji. Likikauka ni laini kama unga, lakini lina mchanga ndani, nao hujificha kwenye maungio ya milango na chini ya mipira ya vioo. Pedi ikizunguka inauvuta nje na kuusaga juu ya rangi. Mwaga maji mengi, piga brashi kwenye maungio, osha kwa sabuni, kisha pitisha ule udongo wa kunasia uchafu, rangi ikiwa imelowa. Pedi nayo ipige brashi kila ukimaliza kipande, na kipande kisizidi nusu mita kwa nusu mita. Joto letu hukausha dawa upesi. Ikikauka haikati tena, inakwaruza.

Kuna dawa zenye mafuta yanayojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Gari linang'aa leo, likioshwa mara tatu mikwaruzo ya utando wa buibui yote imerudi. Jaribu pembe moja, ifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji, si petroli wala thina, halafu mulika kwa tochi ya simu. Unachokiona hapo ndiyo kazi uliyofanya.

Doa la bibo au la kinyesi cha ndege lililokwisha kuchimba, au mkwaruzo unaonasa ukucha, mwoneshe mwenye gari kwa kidole kabla hujawasha mashine, na umwambie alama hiyo itabaki.