Ngome za Rohoni na Safari ya Baiskeli

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo uketi. Kama uko safarini, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tunazungumzia ngome za rohoni. Najua zikitajwa tu, wengi wetu tunauona mkesha wa Ijumaa: watu wamesimama, mikono juu, mchungaji anavunja laana za ukoo mpaka sauti inamkauka, na chupa za mafuta zimepangwa mbele zikisubiri kuombewa. Sina nia ya kuudhihaki mkesha. Nimeomba humo na nitaomba tena. Ila nataka kwanza tusome alichokiandika Paulo, maana ngome zake hazifanani sana na zile tunazozipigia kelele.

Fungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 10. Barua hiyo iliandikwa katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, ikapelekwa kwa kanisa la mji uliokaa chini ya mlima wa mawe uitwao Akrokorintho. Mlima huo una kimo cha mita zaidi ya 500, na juu yake zilikuwapo kuta za ngome. Mkorintho akitoka nje asubuhi, huo ndio aliouona. Tena mji wenyewe ulikuwa na historia chungu: mwaka 146 kabla ya Kristo jeshi la Roma liliuharibu kabisa, na ukabaki magofu karibu miaka 100 mpaka Julius Caesar alipoagiza ujengwe upya. Kwa hiyo Paulo anapotaja silaha zenye uwezo wa kuangusha ngome, anasema na watu ambao hawakuhitaji kuelezwa ngome ni nini wala inaangukaje.

Sasa teremka hadi mstari wa 5, hapo ndipo wengi tunaporuka. Paulo mwenyewe anazifafanua ngome hizo. Anataja mawazo ya watu, yaani hoja wanazozijenga. Anataja kila kinachojiinua kupinga kumjua Mungu. Halafu anasema kila fikira itekwe nyara ipate kumtii Kristo. Soma mara ya pili: mstarini hapo hakuna jini, hakuna mzimu wa babu, hakuna mchawi wa jirani. Na wale aliokuwa akipambana nao hawakuwa makuhani wa miungu ya Kiyunani. Walikuwa walimu ndani ya kanisa, watu waliokuwa wakisema barua zake ni nzito lakini akija mwenyewe ni mnyonge asiyejua kuhutubia. Ngome ile ilikuwa imejengwa kanisani, kwa hoja, tena hoja zilizosikika vizuri masikioni.

Mimi naelewa hivi. Dhambi peke yake haijawa ngome. Inakuwa ngome siku inapopata wakili wa kuitetea.

Mfikirie mama mweka hazina wa kikoba. Anachukua shilingi 200,000 za wenzake kulipa ada ya mtoto. Hajaiba, anajiambia, ameazima. Mwezi unapita. Anajiambia kazi hii anaifanya bure, hakuna anayemlipa hata nauli. Mwezi wa pili anakumbuka kwamba aliyemtangulia alichukua zaidi na hakuulizwa. Angalia, kila sababu aliyoitoa ina ukweli ndani yake! Ada ni kweli, kazi ya bure ni kweli, na yule wa zamani naye ni kweli alichukua. Hapo ndipo nguvu ya ngome ilipo. Mama huyu atafunga na kuomba, atapakwa mafuta, atalia madhabahuni kwa machozi ya kweli, na Jumatatu hoja zake zitakuwa palepale, kwa sababu katika maombi yote hayo hakuna aliyezigusa. Aliomba roho ya umaskini imtoke. Daftari la kikoba hakulifungua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa katika jambo hili, na nasikitika kwamba vijana wengi wa makanisa yetu hawaujui. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Church alikuwa amechoka. Alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, upande wa mashariki wa Rwanda, na nchi ilikuwa imepigwa na njaa kali. Wawili hao walisoma Biblia pamoja na kuomba, Mwafrika na Mzungu, kila mmoja akikiri kwamba amepungukiwa. Kwa zama zile za ukoloni, hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 1933, katika mikutano ya Gahini, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kuungama. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, moto huo ulikuwa umefika Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wake ndio tunaowaita walokole.

Nini kilikuwa cha pekee kwao? Walikiita kutembea nuruni. Mtu hakusema tu kwamba yeye ni mwenye dhambi, maana hilo kila mtu hulisema kanisani bila kutoka jasho. Alisema alichofanya, akamtaja aliyemfanyia, kisha akaenda. Walirudisha walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana. Wamisionari nao waliomba radhi kwa watumishi wa nyumbani mwao kwa dharau waliyowaonyesha. Wakili wa dhambi hana la kusema tena pale mteja wake anapokiri mbele ya aliyemkosea.

Sikiliza habari ya Festo Kivengere. Alikuwa mwalimu kijana huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, mpenda pombe, mwenye hasira na walokole waliokuwa wakimsumbua kwa shuhuda zao. Mwaka 1941 aliokoka. Muda si mrefu ikaja habari ya Mzungu mmoja ambaye Kivengere alikuwa akimchukia. Na chuki hiyo ilikuwa na sababu! Kijana Mwafrika katika koloni la Waingereza hakuhitaji kubuni sababu za kumchukia Mzungu. Angeweza kuandika orodha ndefu, na kila mstari ungekuwa wa kweli. Lakini alipanda baiskeli, akasafiri maili 50, sawa na kilomita 80 hivi, kwenda kumwambia mtu yule kwamba alikuwa akimchukia, na kumwomba msamaha.

Maili 50 kwa baiskeli, katika milima ya Kigezi. Nadhani kila kilima kilimpa nafasi ya kugeuza. Mimi ningegeuza, ningesema nimekwisha msamehe moyoni, inatosha.

Huyu Kivengere baadaye alikuja kufundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, yeye ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Huenda bibi yako au babu yako alimsikia.

Lakini tusiupambe Uamsho kupita kiasi. Palitokea walokole waliogeuza ungamo kuwa maonyesho, na wengine waliowapima wenzao kwa mavazi na nywele. Kuna jambo zito zaidi ambalo mwalimu wa kweli hawezi kuliruka. Rwanda ile ile ya Gahini, mwaka 1994, ilishuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu waliuawa hata ndani ya majengo ya makanisa, Nyarubuye, Ntarama na Nyamata, na waliobeba mapanga wengi wao walikuwa wamebatizwa. Najua walokole waliokufa wakiwaficha jirani zao, na heshima yao isiguswe. Hata hivyo tujiulize. Unaweza kuungama senti uliyoiba na usiungame hoja ambayo kabila lako zima linaitumia, kwa sababu hiyo haionekani kama dhambi yako. Inaonekana kama historia. Baba alikufundisha, shuleni ulisisitiziwa, redioni ulichochewa, na natamka hilo nikijua ninazungumza redioni. Ngome ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuiona akiwa peke yake na watu wa kwao. Anahitaji ndugu wa upande wa pili wa kumwambia, kama Church na Nsibambi walivyoambiana.

Kabla sijaendelea, neno kwa wale wanaoumwa. Si kila kinachokutesa ni ngome. Paulo huyo huyo, sura mbili mbele, anasimulia mwiba aliokuwa nao mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe na haukuondolewa. Hakujilaumu kwa imani haba, wala hakutafuta nani amemfunga. Kama una kifafa, nenda hospitali na usiache dawa, hata mtu akikuambia umefunguliwa. Kama ni sonona, au pombe imekushika mpaka mwili unatetemeka ukiikosa, hapo kuna tiba, na kumwona daktari hakupunguzi wokovu wako. Namshangaa mhubiri anayekwenda mwenyewe kupimwa presha halafu anawakataza waumini wake dawa.

Turudi kwa Kivengere, maana habari yake haikuishia kwenye baiskeli. Mwaka 1977 alikuwa askofu wa Kigezi. Mwezi Februari, Idi Amin alimkamata Askofu Mkuu Janani Luwum, na Luwum akauawa. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Alitoroka usiku yeye na mkewe Mera, wakapita milimani kwa miguu mpaka Rwanda. Wiki chache baadaye alikuwa London, na siku ya Ijumaa Kuu aliketi katika kanisa la All Souls akisikiliza habari za msalaba. Humo ndimo alipotambua kwamba anamchukia Amin.

Kumbuka huyu ni mtu aliyeokoka miaka 36 kabla, askofu, mhubiri aliyekwisha kuzunguka mabara. Ngome ile aliyoiangusha akiwa kijana ilikuwa imejijenga tena, safari hii kwa mawe mazuri zaidi. Rafiki yake ameuawa, kanisa lake linateswa, nchi yake inakufa. Nani angethubutu kumwambia kwamba hana haki ya kuchukia? Lakini alijua chuki ile ilikuwa ikimkausha, na mbele ya msalaba hoja zake zote, pamoja na ukweli wake, zilikosa pa kusimama. Alimsamehe Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu, na jina lake likasema wazi kwamba anampenda Idi Amin. Wapo Waganda waliokasirika, na siwalaumu.

Nimalizie na swali ambalo wasikilizaji wanawake huniuliza mara kwa mara wanaponipigia: je, nikimsamehe mume anayenipiga, ni lazima nirudi? Wengine wamekwisha kuambiwa na wazee wa kanisa kwamba kutorudi ni roho ya uasi. Angalia alichofanya Kivengere. Alimsamehe Amin kwa moyo wote, akiwa London. Hakupanda ndege kwenda Kampala kumthibitishia. Aliendelea kukaa uhamishoni, akazungumza hadharani juu ya mauaji yaliyokuwa yakifanyika, akawahudumia wakimbizi, na alirudi Uganda mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa. Kwa hiyo dada yangu, unaweza kumsamehe leo usiku huu, na ukalala kwa mama yako. Na kesho asubuhi ukaenda dawati la jinsia pale polisi ukaandikisha maelezo.