MAZUNGUMZO JUU YA KUBADILISHA KONTROLI BOKSI YA BODI YA GARI

(Tunachapisha hapa chini maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya maofisa usafirishaji, madereva wa Serikali na wakaazi wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Yanawahusu pia wenzetu wa Visiwani ambao gari zao huvushwa kwa meli kwenda kutengenezwa huko.)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya hitilafu za umeme katika gari zetu, na khasa ile desturi iliyoenea ya kubadilisha kontroli boksi ya bodi kila taa inapokataa kuwaka. Nitasema mapema ninaloliamini. Kifaa hicho huharibika, na kinapoharibika hapana budi kibadilishwe. Lakini mara nyingi kinahukumiwa kabla ya kusikilizwa, na fedha za Serikali au za mwananchi hupotea huku ugonjwa ukibaki pale pale.

Yafaa kwanza tufahamu kifaa chenyewe. Katika zile Land Rover za zamani ambazo wengi wetu tuliziona katika ofisi za Mikoa na Wilaya, swichi ya taa ilipeleka umeme kwenye taa kwa waya wake wenyewe. Taa ikizimika, fundi aliufuata waya kwa mkono mpaka akafika palipokatika. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza njia mpya, ambapo vifaa vingi vya gari huzungumza kwa kupitia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Katika gari za siku hizi, dereva anapogusa swichi huwa anapeleka ujumbe tu. Ujumbe huo hupokelewa na kontroli boksi ya bodi, nayo ndiyo inayoamua kuwasha indiketa, waipa, honi, taa za ndani, vioo vya umeme na kufuli za milango. Katika gari nyingi ndiyo pia inayoshiriki kuutambua ufunguo. Kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani boksi hii imebanwa nyuma ya boksi la fyuzi, chini ya dashibodi.

Hapo ndipo penye mtego. Boksi inapokosa umeme wa kutosha, au inapokosa njia ya kuurudisha umeme huo kwenye betri, dalili hutokea mahali pengi kwa wakati mmoja: waipa zinajiwasha jua likiwaka, milango inajifunga yenyewe, indiketa ikiwashwa taa ya ndani nayo inapepesa. Fundi asiye na subira huyaona maajabu haya akasema kontroli boksi imekufa. Huenda kweli imekufa. Huenda pia iko hai, ila inalishwa umeme mbovu.

Nitatoa mfano mmoja bila ya kumtaja mwenye gari wala gereji. Gari ya ofisi moja ilipelekwa Temeke ikiwa na dalili hizo baada ya mvua za masika. Ilifungwa kontroli boksi ya mtumba, ikaenda vizuri siku tatu, na siku ya nne ikarejea kama ilivyokuwa. Ikafungwa ya pili. Fundi aliyekuja kuimaliza kazi alikunja zulia la upande wa dereva, akaukuta waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari hadi ncha hasi ya betri, umeota kutu ya kijani pale ulipofungwa kwa nati. Alipasugua kwa msasa, akaikaza nati, na gari ikapona. Zile siku tatu nazo si muujiza: soketi zilipochomolewa na kurejeshwa, waya ulitikisika ukagusa kwa muda. Lakini boksi mbili zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Wakaazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa habari ya maji. Mafuriko ya Disemba 2011 yangali yanakumbukwa, na mwaka 2018 maji ya Bonde la Msimbazi yaliingia katika karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani na kuharibu mabasi. Hata hivyo si lazima gari izame. Mpira wa kioo cha mbele uliopasuka, au bomba la maji ya kiyoyozi lililoziba, hutosha kulowesha zulia na soketi zilizo karibu nalo. Kwa gari za Kigamboni, Kunduchi na Visiwani, hewa ya chumvi huifanya kazi hiyo polepole, mwaka mzima, bila ya mvua. Sababu nyengine tunajiletea wenyewe. Tunanunua gari, na wiki hiyo hiyo tunaipeleka ikafungwe alamu, redio kubwa na taa za urembo, na kila mfungaji anakata waya anaouona karibu na kuuzungushia gundi ya plastiki. Wapo pia wanaochomelea bodi kwa umeme bila ya kufungua betri kwanza.

Kwa hivyo, kabla ya kukubali boksi ibadilishwe, mwenye gari au ofisa usafirishaji ana haki ya kuuliza ni vipimo gani vimefanywa. Havihitaji mitambo mikubwa. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu na volti 12.6, na injini ikizunguka altaneta huifikisha baina ya volti 13.5 na 14.7. Ikiwa betri imeshuka chini ya volti 12, itengenezwe hiyo kwanza, kwani boksi dhaifu na boksi yenye njaa zinafanana kwa dalili. Kisha fundi aweke mita baina ya waya wa ethi wa boksi na ncha hasi ya betri, taa zikiwa zimewashwa. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Kwa gari inayokuta betri imekufa kila asubuhi, umeme unaovuja gari ikiwa imelala usizidi miliampia 50 hivi. Gari inayovuja nusu ampia hupoteza ampia-saa 12 kwa siku, na betri ya ampia-saa 60 haitamaliza wiki. Zile nyaya mbili za mawasiliano nazo hupimwa betri ikiwa imefunguliwa, na kwa kawaida husoma karibu na omu 60.

Mashine ya kupimia ina manufaa makubwa, lakini namba ya hitilafu inayoitoa humwonyesha fundi pa kuanzia tu. Mashine ikisema boksi haijibu, bado haijasema kama boksi ni mbovu au haifikiwi na umeme.

Vipimo vikithibitisha kwamba boksi ndiyo mbovu, kazi ifanywe kwa utaratibu. Namba iliyobandikwa juu ya boksi ya zamani ilingane na ya mpya, au na ile ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa badala yake. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Maelezo yaliyomo katika boksi ya zamani yasomwe na kuhifadhiwa kwa mashine, ikiwa bado yanasomeka. Ndipo ncha hasi ya betri ifunguliwe, na fundi asubiri kabla ya kugusa nyaya za chini ya dashibodi, kwa sababu ya mifuko ya hewa ya usalama. Toyota huagiza kusubiri si chini ya sekunde 90. Boksi mpya ikishafungwa huwa bado haiijui gari: ni lazima ipangiwe vifaa vilivyomo na funguo zake zisajiliwe, na wakati huo betri ishikiliwe na chaja ili umeme usishuke katikati ya kazi.

Boksi za mtumba, kama zile zinazouzwa Gerezani, zataka uangalifu zaidi. Baadhi yake zimebeba habari za gari zilikotoka, zikiwemo funguo zake, na kwa hivyo gari yako yaweza kukataa kuwaka kabisa. Katika aina fulani za gari hata hesabu ya kilomita huhifadhiwa humo. Mnunuzi aandikiwe kwa mkono kwamba kifaa kitapokelewa kikirudishwa, maana wauzaji wengi hawakipokei tena kifaa cha umeme kikishafungwa.

Kwa upande wa Serikali, matengenezo ya gari za umma Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, iliyoanzishwa mwaka 2005. Rai yangu ni kwamba ombi lolote la kubadilisha boksi liambatane na karatasi ya vipimo nilivyovitaja, boksi ya zamani irejeshwe ofisini kabla ya malipo, na kilomita ziandikwe katika kitabu cha gari kabla na baada ya kazi. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii kwa njia iliyo sawa, Chuo cha VETA Chang'ombe, hapa hapa Temeke, hufundisha umeme wa magari.

Dereva ambaye taa zake zinazimika na kuwaka zenyewe asisafiri usiku katika Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo kwa kutumaini zitadumu hadi nyumbani. Anayevuka barabara kwa miguu Mbagala au Tegeta hatajua kwamba mna hitilafu ya umeme. Atajua tu kwamba hakuiona gari.

Na gari iliyoingia maji hadi usawa wa viti isiwashwe hata kwa kujaribu. Ncha hasi ya betri ifunguliwe, gari ivutwe, na soketi za chini ya dashibodi zichomolewe na kukaushwa kabla ya umeme kurejeshwa.

Sasa tutoke nje, ipo gari imeegeshwa uwanjani na tutaipima ethi yake sote pamoja. Waliokuja na mita waje nazo mbele.