Mtoto Aliyelinda Viatu

Somo letu la leo ni Marko 10:13 hadi 16, habari ya watoto walioletwa kwa Yesu, na wanafunzi wakawakemea waliowaleta.

Siku moja watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakicheza mpira karibu na kanisa. Mmoja wao alikuwa mnene sana. Kwa kumhurumia nilimwambia, "Wewe keti hapa, ulinde viatu vya wenzako." Baadaye mama yake akanijia, akasema kwa upole, "Mchungaji, daktari amesema acheze, nawe umemketisha." Niliona haya.

Sisi wa Kitui na Makueni twaijua njaa. Aliyepitia ile ya mwaka 1984 akiona mtoto mnene humshukuru Mungu. Lakini mambo yamebadilika. Mtoto aliyekwenda shule kwa miguu, na jioni akamfuata punda kuchota maji mtoni, siku hizi wengine kama yeye hupelekwa kwa pikipiki, na jioni huketi mbele ya televisheni, soda mkononi. Uchunguzi wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba katika watoto wa miaka 9 hadi 11, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi.

Shirika la Afya Duniani lashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wauchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto mnene akizoea hivyo, moyo wake hupata nguvu, shinikizo la damu huweza kupungua, na mwili hutumia sukari vizuri zaidi. Faida hizi zaweza kuja hata kabla mizani haijashuka. Basi, mzazi, usikate tamaa upesi. Aanze pole pole, na akiwa mgonjwa, mwulize daktari kwanza.

Lakini mtoto anayechekwa hatakuja uwanjani. Yesu hakuwakasirikia watoto, bali waliowazuia. Kizuizi chaweza kuwa kicheko. Chaweza pia kuwa huruma isiyo na maarifa, kama yangu. Jumapili iliyofuata nilimwomba radhi yule mtoto, nikavua koti, tukaingia uwanjani pamoja. Viatu vilibaki peke yao, wala hakuna kilichopotea.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuliowaketisha watoto wako kando. Uwape afya na furaha, nasi utufundishe kuwapokea kama Mwanao alivyowapokea. Amina.