Nusu Pointi kwa Kila Mmoja



Jumamosi moja tulikuwa Ruiru, tukitazama watu wawili wakicheza sataranji. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Thika. Mwenziwe ni kijana fundi wa hapo hapo Ruiru. Hawakuwa mabingwa, ni wachezaji wa chama cha mtaani tu.

Baada ya saa mbili, kijana alibakiwa na mfalme peke yake. Mwalimu alikuwa na mfalme, askofu na askari mmoja wa ukingoni. Sote tulisema, "Mzee ameshinda." Lakini njia ya askari yule iliishia kwenye mraba mweusi, naye askofu alitembea katika miraba myeupe tu. Mfalme wa kijana alikwisha kujificha katika pembe ile nyeusi, na askofu wa namna hiyo hawezi kamwe kumtoa.

"Mwalimu, tukubali sare," kijana akasema kwa heshima.

"Sare ya nini? Huoni nimekuzidi?"

Akaendelea kusukuma, mpaka mfalme wa kijana akakosa mahali pa kwenda, ingawa hakuna aliyemshambulia. Kwa sheria ya mchezo, hiyo ni sare. Kila mmoja hupata nusu pointi. Mzee akainuka bila kumpa kijana mkono. Sisi tuliomsifu mwanzoni tukanyamaza.

Wapendwa, tusimcheke. Huku kwetu mashamba mengi ya kahawa yamekatwa viwanja, na tunawajua ndugu wa tumbo moja wanaokwenda mahakamani mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya hatua mbili za mpaka. Mwenye nguvu hukataa kupatana, kwa kuwa anajiona amezidi. Mwishowe kesi imekula kiwanja, na watoto hawaamkiani. Abramu alikuwa mkubwa kwa Lutu, na haki ya kuchagua malisho ilikuwa yake. Lakini alimwachia kijana achague kwanza, ugomvi uishe. Hakupungukiwa na kitu.

Jioni ile kijana alimsindikiza mzee hadi steji, akimbebea mfuko. Matatu ya Thika ilipofika, mzee alisita mlangoni, kisha akanyoosha mkono.

"Nusu yako umeipata kwa haki, kijana wangu. Jumamosi ijayo njoo kwangu Thika."

Je, ni nani anayeungoja mkono wetu leo? Tumpe kabla matatu haijaondoka.